Keki ya Kuwakaribisha Watu wa Meru

Haya nawaambia mwenyewe kabla hamjayasikia kwa mdogo wangu Rwamba, maana Rwamba akisimulia anaongeza, na mkasa huu hauna nafasi ya kuongezwa kitu, umejaa pomoni jinsi ulivyo. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Mimi, Mama Nyaga wa Manyatta, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu ambaye hata mbwa wa majirani hawamletei mchezo, siku ya kupokea wakwe nilifika nyumbani kwangu nikiwa nimeletwa na wakwe wenyewe.

Wacha nianzie mwanzo. Mwanangu Nyaga alikuwa amepata msichana, Kendi, wa kule Kinoru, Meru mjini, mwalimu wa chekechea, mpole, mwepesi wa kucheka, na (nitasema tu ukweli) nilimpenda haraka kuliko nilivyopanga, kwa sababu nilikuwa nimejitayarisha kutompenda. Watu wetu walikuwa wameshaenda kwao kujitambulisha, mimi sikwenda kwa sababu nilikuwa nimeteguka mguu, na sasa ilikuwa zamu ya watu wao kuja kuona boma, yaani mama yake na shangazi zake na wazee kadhaa waje waone binti yao anaolewa wapi, maji yanatoka wapi, choo kiko upande gani, na zaidi ya yote mama wa kijana ni mtu wa namna gani. Wakimkataa mama, hakuna kingine cha kuonyeshwa, watakunywa chai waende zao na hutawasikia tena. Nyaga alikuwa ameniambia wiki nzima, "Mami, mama yake Kendi haongei sana. Yeye anaangalia tu." Maneno hayo yalininyima usingizi.

Gari la kuwaleta nililitafuta mimi. Pale steji ya Embu kuna sacco moja ya magari yanayoenda Meru na kurudi mchana kutwa, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, na mmoja wa wale wanaoita abiria ni Njeru, jirani yetu wa Manyatta, mtu mzima na watoto wake, ana sauti ya kufufua wafu. Njeru akawapigia wenzake wa upande wa Meru, akanitengenezea gari safi la kukodi na dereva asiyekuwa na wazimu. Kwa hivyo Njeru alikuwa amenifaa, na mtu akikufaa hivyo unajua tu kuna siku atakuita.

Siku yenyewe ilipofika kila kitu kilikuwa tayari tangu asubuhi. Mbuzi alikuwa kwenye sufuria, mahindi na viazi vya mukimo vilikuwa vikichemka, wenzangu wa kwaya walikuwa wamepanga viti. Kilichobaki ni keki, ambayo niliiagiza mjini na nikaandikisha juu yake kwa rangi ya waridi, KARIBUNI WAGENI WETU WA MERU. Rwamba alisema amtume mtu akailete. Nikakataa, keki ya wakwe haibebwi na kila mtu. Nikavaa rinda langu jipya, nikafunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa ili nikirudi niwe tayari kabisa, nikashuka mjini, nikaichukua keki yangu kwenye sanduku lenye kifuniko cha kuonyesha ndani, na nikiwa napita steji kutafuta gari la kurudi Manyatta nikasikia, "Mathe! Mathe wangu! Hebu nisaidie dakika tano tu!"

Alikuwa ni Njeru, amesimama kando ya gari la Meru ambalo ndani halikuwa na mtu isipokuwa vijana wawili wa steji wanaojulikana na kila mtu. Sasa, nyinyi mnajua mambo haya. Gari likiwa tupu, abiria haingii, anaogopa kuketi hapo mpaka aote mizizi, kwa hivyo watu wa steji huweka watu wao wakae ndani kama abiria, gari lionekane linakaribia kujaa, halafu akiingia wa kweli mmoja, wa uongo mmoja anashuka taratibu kama anayeenda kununua maji. Shida ni kwamba wale vijana sura zao zimezoeleka. Lakini mama mwenye kitambaa cheupe cha kanisa, amepakata keki, huyo hata polisi angeapa kwamba anasafiri.

"Njeru, mimi nina wageni," nikamwambia.

"Si wageni ni mimi nimewatafutia gari? Bado wako mbali. Wewe ingia hapo kwa dirisha upumzishe mguu. Watu watatu wakiingia unashuka, na nitakupeleka kwa gari ya Manyatta mimi mwenyewe, nikubebee na keki."

Na mguu kweli ulikuwa unaniuma. Nikaingia.

Sikukaa sana, akaja cucu mmoja, nyanya mwenye kikapu kikubwa cha maparachichi, akachungulia gari lote, akaniona mimi, uso wake ukatulia, akaja moja kwa moja akaketi kando yangu na kikapu akakiweka katikati ya njia.

"Muga," akanisalimia Kimeru. "Hii gari inatoka saa hii?"

"Saa hii hii, cucu," nikamjibu, na hapo ndipo ningenyamaza, lakini mdomo ukishaanza kazi kwangu hauachi.

"Nawe unaenda wapi?"

"Meru."

"Na hiyo keki?"

"Napelekea wakwe."

Akainama juu ya sanduku, kidole kikifuata maandishi, akasoma polepole kwa sauti. Kisha akanitazama. "Imeandikwa karibuni wageni wa Meru. Mbona unawakaribisha watu wa Meru kwao?"

Jasho likanitoka chini ya kitambaa. "Tunawakaribisha... tunawakaribisha mioyoni mwetu, cucu."

"Aaa," akasema, akanishika mkono, "nyinyi watu wa Embu kumbe mna heshima hivyo."

Kumbe walio nje walikuwa wakitazama, na walipoona nyanya ameingia bila wasiwasi nao wakaanza kuingia, mzee mwenye kofia ya pama akaketi nyuma yetu, wakaja wengine, na wale vijana wawili wa steji nikawaona wakishuka mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu ilikuwa imefika na kupita. Lakini kutoka dirishani ilinibidi nimwinue cucu, niinue na kikapu, nami nilikuwa nimeshamwambia naenda Meru kupeleka mioyo yetu, kwa hivyo nikasubiri nipate kisingizio kizuri. Badala ya kisingizio, cucu akanigeukia akasema kwa sauti ya kusikika gari zima, "Kabla hatujaenda, huyu mama wa kanisa atuombee safari."

Mnanijua. Wenzangu kanisani nikisimama kuomba huinjika chai, na nikimaliza huwa imeiva. Nikajiambia, omba kwa kifupi, sema amina, toka. Nikafunga macho. Nikamwombea dereva, nikaombea magurudumu yote na lile la akiba, nikaombea madaraja na ng'ombe wanaovuka barabara bila kuangalia, nikapitia wagonjwa, nikapitia mvua. Nilisikia gari likinguruma na kusogea. Nilisikia vizuri sana! Lakini steji yetu mnaijua, dereva huwasha gari akasogea mbele kidogo, akarudi nyuma kidogo, akapiga honi kama anayeondoka, ili walio nje waje mbio, na anaweza kufanya hivyo mpaka uchoke bila kwenda popote. Nikajua ni mchezo wao ule. Nikawaombea na wajane.

Niliposema amina, na gari zima likaitikia amina, nilifungua macho nikaona migomba. Migomba, na kahawa, na mama mmoja akianika nguo kwenye ua wake, na Embu mjini haikuwepo.

Mtu mwenye akili angepiga kelele pale pale. Na nilifungua mdomo kabisa, kweli nilifungua, lakini yule mzee wa kofia ya pama nyuma yetu akanitangulia. "Mungu asifiwe," akasema, "leo tumepata gari ya watu wa ukweli. Juzi nilikalishwa steji hiyo hiyo, gari nimeikuta imejaa, kumbe ni watu wa kupangwa, wakashuka mmoja mmoja nikabaki peke yangu na dereva. Nilifika kwa mazishi ya shemeji yangu watu wakila."

"Hao watu ni wabaya," cucu akasema. "Mtu mzima anaketi hapo, anakudanganya mchana, na uso wake mkavu. Mama, si hao ni wabaya?"

"Ni wabaya sana," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikumbatia keki yangu nikatazama nje, nikapanga kwamba tukifika Runyenjes nitasema nateremka kumsalimia mtu, halafu nichukue gari la kurudi, na hakuna atakayejua. Wageni walikuwa bado mbali. Mambo yangekuwa sawa.

Sasa niwaambie kuhusu simu yangu. Tangu iangukie ndoo ya maziwa, simu yangu husikika kwa spika ya nje tu, tena kwa nguvu, na nilikuwa nikisema kila siku nitaipeleka kwa fundi. Tulipokuwa tunaingia Runyenjes ikalia. Alikuwa Rwamba. Nikaifunika kwa kitambaa, nikainama chini ya dirisha, lakini Rwamba anaongea kama mtu anayefukuza ndege shambani.

"Dada! Uko wapi? Tumekungoja mpaka tumechoka!"

"Niko hapa tu Embu," nikanong'ona. "Naingia gari ya Manyatta saa hii."

Na kondakta akafungua mlango akapaza sauti, "Runyenjes! Wa Runyenjes wajitokeze!"

"Nani huyo anasema Runyenjes?" Rwamba akauliza.

"Ni redio."

"Redio ya wapi? Sikiliza, Nyaga ameongea na Kendi. Wamepita Chuka kitambo! Wakifika waulize mama wa kijana yuko wapi, niwaambie nini?"

"Waambie niko jikoni," nikasema, nikakata.

Gari zima lilikuwa limesikia. Hata wale wa kushuka Runyenjes hawakushuka, walikuwa wamesimama njiani na mizigo yao wakinitazama. Kondakta alikuwa ameshika mlango, mdomo wazi. Cucu alinitazama mimi, akatazama keki, akasoma tena yale maandishi, na safari hii hakuhitaji kidole.

"Mama," akasema polepole, "na wewe ndiye umetuombea."

Nawaambia, nimewahi kuanguka kwenye matope mbele ya askofu, na haikuniuma kama hayo maneno. Nililia. Nikaeleza yote, Njeru, mguu, dirisha, wakwe, mtoto wangu, jinsi mama wa msichana haongei ila anaangalia tu, na kwamba hivi tunavyoketi hapo wanakaribia boma langu nami sipo, na watamrudisha binti yao kwao kwa sababu ya mama mjinga. Nilipomaliza nikangoja matusi. Mzee wa kofia ya pama ndiye aliyeanza, alitoa sauti kama birika linalotaka kuchemka, kumbe anacheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na gari zima likamfuata.

Cucu hakucheka. Alinipangusa machozi kwa kiganja chake kikavu, akaniambia, "Unastahili kuchapwa. Lakini si leo, leo una wageni." Halafu akamgeukia kondakta. "Huyu anarudi namna gani?"

"Tutamfaulisha," kondakta akasema. "Kuna gari yetu inakuja kutoka Meru, dereva wangu atawasha taa wasimame. Wamhamishe, wamfikishe Embu."

Gari yao inayotoka Meru? Na kama ni ile niliyowakodia wakwe? "Hapana! Nitapanda boda boda," nikasema.

"Na keki? Ifike ikiwa uji?" cucu akafoka. "Wewe nyamaza, umeshatumia akili yako ya leo yote."

Hawakunipa nafasi. Gari likavuka Runyenjes kidogo, dereva akaona mwenzake akija kwa mbali, akawasha taa na kuzima, akawasha na kuzima, kama wafanyavyo wakitaka kuambiana jambo, na lile lingine likapunguza mwendo likaegesha upande wa pili. Lilikuwa safi linang'aa. Dirishani niliona vilemba, akina mama wenye sare ya kitenge kimoja, na vyondo vipya vimepangwa juu ya magoti. Nikaomba ardhi ipasuke. (Kwa kifupi, safari hii.)

Kondakta alishika keki yangu, akanishika na mkono, akanivusha barabara, akagonga mlango wao na kutangaza kwa sauti ya kazi yake: "Wazee, samahanini! Mtusaidie na huyu mathe mpaka Embu! Alikuwa ameketi kujazia gari steji tu, akafunga macho kuomba, akabebwa! Na ana wageni nyumbani, ameshawadanganya yuko jikoni!"

Mle ndani kicheko kilianza, kisha kikakatika ghafla, kwa sababu kwenye kiti cha pili msichana alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Mami?" Kendi akasema.

Sijui niliingiaje. Najua kwamba nilikalishwa kando ya mwanamke mwembamba, mweusi, mtulivu, mwenye macho makubwa yasiyopepesa, na sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mama Kendi aliichukua keki kwangu akaiweka mapajani mwake mwenyewe. Akaisoma. "Asante," akasema, "tumekaribia." Shangazi wawili nyuma yetu waliziba midomo kwa leso zao.

Kutoka hapo mpaka karibu na Embu mjini hakusema neno. Aliangalia tu. Niliangalia nje, nikarudi, bado aliangalia. Ndipo akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama Nyaga, mimi nina binti mmoja." Basi. Na mimi nikaelewa kwamba huo ndio mkutano wenyewe, kwamba yale mengine ya mbuzi na mukimo yangekuwa ya kupitisha wakati tu, na kwamba mwanangu anaweza kumkosa Kendi kwa sababu yangu mimi niliyemleta duniani.

Na bado kulikuwa na Rwamba. Nilitaka kumpigia nimwambie asiseme niko jikoni, lakini ningempigiaje kwa simu ya spika katika gari la wakwe? Nikamwandikia ujumbe. Rwamba akiwa na kazi hasomi ujumbe, hata ungekuwa umetoka mbinguni.

Tukafika Manyatta. Mnajua desturi, wageni hawaingii bomani hivi hivi, geti hufungwa, akina mama wa boma huimba wakiwa ndani na wageni huimba wakiwa nje, wanatupiana maneno, wanajibizana, mpaka waridhiane ndipo lifunguliwe. Ile kwaya iliyokuwa ndani niliifundisha mimi. Yale maneno makali ya kuwahangaisha wageni niliyatunga mimi, na sasa nilikuwa upande wa nje, katikati ya shangazi za Kinoru, nimejikunja nyuma ya mwenye kilemba kikubwa zaidi, nikirushiwa maneno yangu mwenyewe.

Shangazi mmoja akapaza sauti, "Sisi tumetoka mbali! Tunataka kupokewa na mama wa kijana! Yuko wapi?"

"Mama yuko jikoni!" Rwamba akajibu kutoka ndani, kwa furaha yote. "Anakoroga mukimo! Mikono yake imejaa!"

Nje wakaangua kicheko. Rwamba alidhani wanafurahia, akaongeza (si niliwaambia anaongeza?), "Hata namsikia akiniita! Anasema mwimbe vizuri zaidi!"

"Basi atupungie mkono tu, tumwone!" shangazi akasema, machozi yakimtoka.

Kukawa na minong'ono. Halafu kwenye kona ya nyumba, kutoka upande wa jikoni, ukatokea mkono mmoja, umefungwa leso yangu ya maua ya manjano ninayopikia, ukapunga, ukapunga tena. Ulikuwa wa jirani yetu mmoja ambaye sitamtaja, bado hajanisamehe.

Wageni walikuwa wameshikana mabega wasianguke. Mama Kendi peke yake hakucheka. Alinigeukia, akanirudishia keki yangu mikononi, akasogea kando ili kati yangu na geti pasiwe na mtu. Hakuniambia fanya hivi wala vile. Ningeweza kuzunguka kwa uchochoro wa nyuma, nitokee jikoni nikijipangusa mikono, na shangazi wale walivyokuwa wakifurahi naamini wangenificha. Nilifikiria hilo. Nilifikiria kwa muda ambao sipendi kuutaja.

Halafu nikasema, "Rwamba. Fungua geti. Mimi niko huku."

Wimbo ulikatika ndani. Mkono ule wa leso ukabaki hewani.

"Sipiki mukimo," nikaendelea. "Nimetoka Runyenjes. Nilikaa kwa gari ya Meru kuwadanganya abiria, nikapitiwa nikiomba, nikakudanganya wewe kwa simu, nikakwambia uwadanganye wageni. Hawa ndio wameniokota barabarani. Wamekuja kuona mama wa boma hili ni mtu gani, na ni huyu."

Geti lilifunguka polepole. Akina mama wa kwaya walikuwa wamejipanga pande mbili, wameduwaa. Baba Nyaga, mume wangu, alikuwa amesimama na suti yake, mkono ameunyoosha kusalimia, na hakujua amsalimie nani. Mwanangu Nyaga alikuwa amefunika uso. Mzee mmoja wa Meru akakohoa, akasema kwamba kwa kuwa huyu mama ameingia na wageni, basi ni mgeni, na mgeni hagusi jikoni. Wazee wetu wakakubali papo hapo, wasaliti wakubwa. Kwa hivyo nilikalishwa upande wa watu wa Kinoru, nikaletewa maji ya kunawa na mdogo wangu Rwamba aliyekuwa akiuma mdomo, nikaandaliwa mukimo wangu (ulikosa chumvi), nikakatiwa keki yangu, na mtu akisimama kutoa shukrani kwa wenyeji nami nikalazimika kupiga makofi.

Wakati wazee wanazungumza nilishindwa kuvumilia, nikajipenyeza jikoni nione wameniunguzia sufuria ngapi. Nilikuwa nimeinama kwenye karo nilipohisi mtu amesimama mlangoni. Alikuwa Mama Kendi. Aliingia, akakunja mikono ya rinda lake, akachukua kikombe akaanza kukisuuza, na mimi nikasuuza kingine.

"Mama mkwe wangu," akasema, kana kwamba tulikuwa tumeongea tangu asubuhi, "hakuwahi kukosea. Hata siku moja. Niliolewa kwake nikiwa mdogo kuliko Kendi. Nikivunja kikombe nilikuwa naficha vipande kwenye majivu, usiku naenda kuvizika shambani. Nikiunguza ugali naula wote mimi peke yangu ili asiuone. Mpaka alipofariki sikuwahi kumwambia kitu chochote kilichoniuma, kwa sababu yeye hakuwa na kosa, ningeanzia wapi?" Akakiweka kikombe kwenye kitambaa. "Nimekuwa nikiogopa Kendi asije akapata mama kama huyo. Nyaga alituambia mama yake ni mtu wa kanisa, mwenyekiti, kila kitu chake kimenyooka. Sikulala wiki nzima."

"Hata mimi sikulala," nikamwambia.

Ndipo akacheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka akashika ukingo wa karo, na mimi nikacheka, na nikalia, na alinishika kiganja changu chenye povu tukasimama hivyo mpaka Rwamba akatuita twende tukasikie wazee walivyokubaliana.

Kendi yuko kwetu sasa, ameolewa, anafundisha hapa hapa Manyatta. Juzi nikiwa mjini alinipigia, na simu bado ile ile ya spika, kwa hivyo watu wote wa dukani walisikia: "Mami, nimevunja ile thamosi yako mpya. Nilikuwa nakimbilia maziwa yasimwagike, na maziwa nayo yakamwagika." Hakuwa na hofu yoyote kwenye sauti yake. Akaniuliza niko wapi, nami nikamwambia mahali nilipokuwa, kwa jina la mtaa na la duka, na kwamba nilikuwa nimekuja kuchukua viatu nikakuta nimeacha mkoba nyumbani, na nilikuwa nimesimama hapo nikiona aibu. Hivyo ndivyo ninavyojibu siku hizi, na nimeapa nitajibu hivyo mpaka nizikwe.